Gitaa Lililochakaa Upande Usio Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Nimenyimwa kiti. Mimi! Orville Tackett, mkono ambao mji mzima wa Paducah hauna mfano wake! Hollis Vance amekufa, nafasi yake ya gitaa katika bendi ya Jumamosi iko wazi. Lakini Delbert Crisp, anayejiita kiongozi, ametazama gitaa langu akacheka. Jipya, ndiyo, ila limeundwa kwa sura ya yale ya mwaka hamsini na saba. Eti, mzee, hilo bado linanyonya! Sauti ya zamani haitoki kiwandani! Tumekubaliana Jumamosi nijaribiwe nyuma ya pazia, bendi isikie bila kuona. Vema. Nitalizeesha.

Jumanne, 4 Machi
Nimetoa nyama ya kulungu kwenye friza, nimeingiza gitaa. Kisha nikalileta karibu na jiko. Rangi ikapasuka, ta! ta! ta! Mke wangu Nadine akauliza nyama ilale wapi. Mwanamke hajui sanaa. Nikasugua kwa msasa pale juu, mkono wangu wa kulia unapoegemea. Miaka sabini kamili, kwa siku moja!

Jumatano, 5 Machi
Ajabu. Pana mchubuko mwingine. Chini, karibu na vitufe vya sauti, mkono wangu haufiki huko. Nadine ameapa hajaligusa. Nikapaka rangi. Mchana mchubuko umerudi, mpana zaidi. Una joto, kama kiti ambacho mtu kainuka sasa hivi.

Alhamisi, 6 Machi
Sauti tamu mno! Ila inatoka kabla ya kidole changu. Nimeondoa mikono. Gitaa likamalizia wimbo. Waya wa spika ulikuwa haujachomekwa. Nadine kafunga mzigo kaenda kwa dada yake, akasema nibaki na mgeni wangu. Mgeni gani? Ni msasa wangu huo!

Jumamosi, 8 Machi
Nimepiga. Haki ya Mungu, vidole vilikuwa vinafuata tu. Delbert analia kama mtoto! Akafungua pazia, akaona mchubuko wa chini, uso ukampauka. Akanong'ona kwamba huo ni mchubuko wa mtu wa mashoto. Hollis alipigia mkono wa kushoto, gitaa akiligeuza juu chini, mkono wake ukiegemea hapo hapo. Na gitaa lake walimzika nalo.

Hapo mwenye akili ndogo angekiri. Mimi nikadai ndilo lenyewe la Hollis, nimelipata kwa njia zangu.

Ernestine, mjane wa Hollis, akaja polepole. Akaweka kiganja kwenye mchubuko, akafumba macho. Akaliambia gitaa, baba, umechelewa, wenzio wanakungoja. Wanabendi wakalichukua mikononi mwangu, wakaliweka kwenye kiti cha Hollis, peke yake. Delbert akahesabu, moja, mbili. Gitaa likaanza kupiga lenyewe, mahali pake hasa.

Mimi nimepewa kazi ya kushika pazia.

Jumapili, 9 Machi
Wivu tu. Kazi niliyoifanya mimi, sifa kapewa maiti!

Lakini sikati tamaa. Mpiga besi wao, mzee Clovis Harlan, anakohoa tangu Krismasi. Leo nimempelekea supu. Akashukuru sana, akasema hakujua kama nina moyo mwema. Nikamuuliza, kwa upole, yeye hupigia mkono gani.

Kesho naagiza besi.