Lenzi Inayovuta Mara Sitini

Jumatatu, 3 Machi

Sijapata kudharauliwa namna hii, na wiki ndiyo kwanza inaanza!

Baba mkwe ametangaza kwamba magoti yamemshinda. Jumapili hii, siku ya kuhesabu ndege bwawani, atamtaja mtu wa kushika chama baada yake. Chama chetu cha watazama ndege kina watu wachache na kibanda kimoja cha mbao chenye madirisha matatu. Mwenyekiti hukaa dirisha la kati. Mimi nimekaa miaka yote hii dirisha la pembeni, lile la upande wa choo. Nimevumilia. Sijalalamika, isipokuwa kwenye mikutano.

Na nani anashindanishwa na mimi? Shemeji! Kaka wa mke wangu, daktari wa meno, mtu anayetazama ndege huku akipiga miayo. Sifa yake kubwa ni kuzaliwa na Mzee. Mimi nimemwoa binti wa Mzee kwa hiari yangu mwenyewe. Hilo halihesabiwi?

Mke wangu aliuliza kama hakuna mwingine anayefaa. Nikamwambia hakuna, tuko wawili tu. Akaendelea kukunja nguo.

Nimepiga mahesabu. Mimi na Shemeji tuna darubini za aina moja, zile za jicho moja zinazosimama juu ya miguu mitatu. (Aliniiga.) Ila lenzi ya jicho, kile kipande cha nyuma unachochungulia, yangu imeingia ukungu na yake ameiangusha kwenye lami. Wote tunatafuta mpya. Atakayepata inayovuta zaidi ndiye atakayeona mbali, na atakayeona mbali ndiye mwenyekiti. Jambo liko wazi kabisa.

Jumanne, 4 Machi

Nimeomba ruhusa kazini. Nikamwachia mwenzangu kaunta nzima ya vifurushi, na foleni yake, nikaenda kwa fundi wa miwani. Ana lenzi za darubini kwenye kabati la nyuma.

Mama yule alitandika kitambaa akaniwekea tatu. Ya kwanza haivuti. Ni mara thelathini tu, haiongezeki wala haipungui. Ya pili inavuta kuanzia ishirini hadi arobaini. Ya tatu, ukizungusha pete yake, inatoka ishirini inakwenda mpaka sitini. Sitini! Nikaishika na sikuiachia tena.

Mteja anayejua anachotaka ni baraka, au ndivyo nilivyodhani. Fundi akaanza kunihoji utafikiri nimeiba. Nitatazamia wapi? Kuna joto? Sakafu ni ya nini? Nani mwingine atachungulia? Akasema ukivuta mpaka mwisho picha inaingia giza na inabana, na kila mtikisiko, hata wa hewa ya joto, unakuwa mkubwa mara sitini vilevile. Akasema kwa darubini ndogo kama yangu, angekuwa yeye, angechukua ile isiyovuta. Inaonyesha eneo pana, tena kweupe.

Darubini ndogo! Mbele ya wateja! Nilimuuliza kama kuna muuza viatu anayemshauri mtu anunue kiatu cha mguu mmoja. Aliendelea na maelezo marefu kuhusu ule mpira laini unaozunguka pale pa kuweka jicho, na watu wenye miwani, na namna ya kuukunja, lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kusoma boksi.

Nimerudi nayo nyumbani nimeikumbatia.

Jumatano, 5 Machi

Leo nimefanya kitu ambacho, kama si unyenyekevu wangu, ningekiita cha akili nyingi.

Nilipita kliniki kwa Shemeji wakati wa chakula cha mchana. Alikuwa na mikono yote miwili ndani ya mdomo wa mtu, kwa hiyo hakuweza kukimbia. Nikamwambia nimezungumza na mtaalamu. Nikamshauri kwa moyo mkunjufu achukue ile lenzi ya mara thelathini, isiyovuta. Nikamtajia eneo pana. Nikamtajia kweupe. Neno kwa neno kama fundi alivyoniambia, na kwa uso mkavu. Hata mgonjwa alitikisa kichwa kukubali.

Shemeji ameingia mkenge mzima mzima! Alinishukuru. Akasema yeye alikuwa anawaza ya sitini, na kwamba si watu wengi wangemwambia shemeji yao ukweli siku kama hizi. Akaniahidi kunisafisha meno bure. Nilitoka pale nikiwa nimeuma midomo nisije nikacheka barabarani.

Alhamisi, 6 Machi

Hasira. Hasira tupu.

Nimesimamisha darubini dirishani sebuleni kufanya mazoezi. Ng'ambo ya barabara kuna duka la mikate, na juu ya mlango wake bango lenye namba ya simu. Nikavuta mpaka sitini. Namba ikaja karibu kiasi cha kuigusa. Kisha duka zima likaruka! Likashuka. Likaruka tena. Nilidhani ni tetemeko. Alikuwa mke wangu anapita na ndoo.

Nikatoa amri: mtu yeyote asitembee sebuleni ninapokuwa kwenye darubini. Mke wangu aliuliza, kwa upole ule wake wa kunikata maini, kama sakafu ya mbao ya kibandani haitikisiki chama kizima kikiwa ndani. Nikamwambia hayo ni maswali ya mtu asiyeelewa mambo.

Akaomba achungulie. Nikampa, mimi si mchoyo. Jambo la kwanza alilofanya ni kurudisha pete mpaka ishirini! Eti kwa ishirini ndipo unapomtafuta ndege, ukishampata ndipo uvute, tena kidogo kidogo. Nikamwambia hakuna anayenunua sitini ili atumie ishirini. Alikaa pale muda mrefu hata hivyo. Alisema kuna mbayuwayu wamejenga chini ya paa la duka la mikate na mmoja ana mkia uliokatika. Nikamuuliza hiyo inasaidia nini. Namba ya simu hakuisoma kabisa.

Jumamosi, 8 Machi

Mzee amekuja kutukumbusha sheria, kana kwamba tumezisahau. Alikuwa mpima ardhi, na wapima ardhi hawaamini jicho la mtu mmoja. Kwa hiyo chamani kwetu ndege hahesabiki mpaka awe na shahidi. Aliyemwona anainuka. Shahidi anachungulia darubini ileile, iliyowekwa vilevile. Na muhimu kuliko yote: aliyemwona hafungui mdomo. Haelekezi, hanong'oni. Shahidi ndiye anayesema anachokiona. Wakipatana, ndege anaingia kwenye hesabu.

Kesho shahidi wa kila mtu ni Mzee mwenyewe. Mimi sina wasiwasi. Kwa mara sitini hata kipofu ataona.

Mke wangu alimtilia baba yake chai wakazungumza muda mrefu juu ya vitwitwi, vile vindege vidogo vinavyokimbia kwenye matope. Nilikuwa chumbani nafuta lenzi. Wanawake huwa na subira kwa mazungumzo ya namna hiyo.

Jumapili, 9 Machi

Nimeporwa. Nimeporwa mchana kweupe, na ndugu zangu wenyewe!

Asubuhi ilikwenda vizuri, maana yake hakuna aliyeona kitu. Shemeji kwenye dirisha la upande wa pili alikuwa anahesabu bata kimya kimya na lenzi yake ya huruma. Kila nilipotazama mimi, mtu aliinuka kunyoosha mgongo na bwawa zima likaanza kucheza. Niliwaomba watu wapumue polepole. Wakacheka.

Jua lilipopanda juu ya kichwa, nikamwona. Kitwitwi peke yake kwenye ukingo wa matope, mbali kule. Miguu myekundu! Hapa kwetu wote ni wa miguu ya njano. Mwenye miguu myekundu Mzee amemsubiri tangu alipoanzisha chama. Nilimwona kwa ishirini, nakiri, kwa sababu pete ilikuwa imejirudisha yenyewe lenzi ilipokuwa mfukoni. Na kwa kuwa nilimtakia Mzee mema, kabla sijainuka nikavuta mpaka sitini.

Mzee akaja na fimbo yake. Akainama na miwani yake mikubwa. Mimi sheria imeniziba mdomo. Miwani ikagonga ule mpira laini, ikabaki nje, mbali na lenzi. Mzee akasema anaona tundu dogo. Ndani ya tundu anaona kitu cha kijivu kinachochemka. Akauliza kama ni uji.

Hapo nikakumbuka! Mpira unakunjwa kwa wenye miwani! Nikaanza kumkunjia hewani kwa vidole. Nikaonyesha macho yangu, nikaonyesha kukunja, nikaonyesha kukunja tena. Mzee akamuuliza Shemeji kama nimepata ugonjwa. Nikaruka. Nilipotua, darubini ikainua pua yake ikatazama angani, na Mzee akatangaza kwamba sasa anaona wingu, na ni wingu zuri.

Ndege hahesabiki. Alisema hivyo. Miguu myekundu, na hahesabiki!

Ndipo mke wangu akainuka kwenye benchi la nyuma, alipokuwa amekaa na chupa ya chai. Akaja kwenye darubini yangu bila hata kuniuliza. Akarudisha pete mpaka ishirini. Akaishusha pua taratibu, akaenda na ukingo wa matope kama mtu anayefagia, akasimama. Akakunja mpira kwa kidole kimoja. Akavuta kidogo tu, kidogo kabisa, hata thelathini haikufika. Kisha akainuka akafumba mdomo, kama sheria inavyotaka.

Mzee akainama. Alikaa pale mpaka nikadhani amelala.

"Miguu myekundu," alisema. "Mwanangu, ni yeye."

Akalia. Mzee mzima! Na Shemeji naye akamwona kwa lenzi yake kutoka dirisha lake, picha nzuri kweupe, ndege na matope yote, akasema mbele ya watu kwamba lenzi ile alishauriwa na mimi na kwamba mimi ni mtu muungwana. Sijawahi kutukanwa vibaya hivyo.

Nilipopata sauti nikadai haki yangu. Nani alimwona kwanza? Mimi! Darubini ya nani? Yangu! Lenzi ya nani? Mzee akaniwekea mkono begani.

"Mkwe wangu," akasema, "wewe wiki nzima umetazama lenzi. Huyu binti yangu ametazama ndege tangu hajaota meno ya mbele, na mimi mjinga sikuwahi kumuuliza kama anakitaka chama."

Akamuuliza hapo hapo. Mke wangu akasema anakitaka. Alisema haraka, kama mtu aliyeliweka neno hilo mdomoni siku nyingi. Shemeji akawa wa kwanza kupiga makofi. Msaliti.

Dirisha la kati ni la mke wangu.

Jumatatu, 10 Machi

Sijalala. Nimetafakari kwa utulivu, bila kinyongo, na nimeona kosa lilipokuwa.

Kwanza mke wangu. Nilimkuta jikoni asubuhi anafuta machozi huku anacheka peke yake. Maskini, ameelemewa. Nikamwambia asiogope, kazi za uenyekiti nitamfanyia mimi, yeye akae tu. Akasema amri yake ya kwanza ni kwamba hakuna mwanachama atakayegusa pete ya kuvuta kabla ya kumtambua ndege kwa ishirini. Kisha akaniomba nimpishe, anachukua darubini dirishani, mbayuwayu wanalisha watoto. Darubini yangu!

Ananionea wivu tu. Sitaki kulizungumza.

Lakini kosa nimelijua. Mzee alipochungulia, ndege alikuwa mbali mno kwa mara sitini. Ndiyo maana aliona uji. Sitini haikutosha!

Mchana nimekwenda tena kwa fundi wa miwani. Nilimwambia anipe iliyo kubwa kuliko zote. Akasema ipo moja tu, inavuta mpaka sabini na tano, iko kabatini miaka mingi kwa sababu hakuna aliyewahi kuichukua, na kwenye darubini yangu ndogo nikivuta mpaka mwisho nitaona giza tupu.

Nikamwambia aifunge. Mimi si mtu wa kuogopa giza.