Fainali ya Kiti cha Jikoni

Valeriani ndiye aliyeleta balaa, na balaa lenyewe alilitoa kwenye simu. Ilikuwa Jumamosi ya Julai, ukungu umeishukia Karatu mpaka mtu unamtambua jirani yako kwa kikohozi. Sisi tumejibana kwenye mabenchi ya Bibiana, muuza kahawa tunayemwita Mama Tangawizi, tunagombania joto la jiko lake la kuni. Valeriani huongoza watalii Ngorongoro, tunamwita Krate, jina ambalo watalii huliita lile bonde, maana hadithi yake yoyote lazima iishie bondeni.

"Sikilizeni hii," akasema. "Wanasema kompyuta za zamani hazipewi tena huduma. Hakuna kuapdeti. Imeisha hiyo!"

Mzee Qamara, mchuuzi wa vitunguu vya Mang'ola, jina la kijiweni Gunia, akanywa kahawa kwa madaha.

"Mnachelewa wapi vijana? Mimi hiyo nimeisikia redioni tangu Alhamisi, na jana nimeshaichukulia hatua."

Thomasi akaweka kikombe chini. Thomasi ni fundi wa simu na kompyuta, duka lake limepakana na jiko la Bibiana, sisi humwita Daktari Bisibisi. Siku mbili alikuwa Endamarariek msibani, na funguo za duka alimwachia Gunia.

"Hatua gani, mzee wangu?"

"Nimeiapdeti ile kompyuta ya gemu. Yote! Kuna programu inajitafutia yenyewe kila kitu kipya. Ikiuliza swali, nabonyeza ndiyo. Mbegu ya mwaka juzi haipandwi, Daktari."

"Yesu wangu," Thomasi akasema, akakimbilia dukani. Tukamfuata wote, mpaka Bibiana na mwiko wake.

Ngoja nikwambie kwa nini tulikimbia. Kwenye ile kompyuta kuna gemu la mpira la zamani sana, wachezaji wana nyuso kama viazi. Kila msimu wa baridi tunafanya mashindano, na bingwa anapewa kiti cha mgongo kilicho ubavuni mwa jiko. Kinapigwa moshi kutwa nzima, lakini nani Karatu anajali moshi mwezi wa Julai? Gunia amekikalia misimu mitatu mfululizo. Fainali ilikuwa siku hiyo, saa nne, Gunia na Kisioki.

Kisioki alikuwa ameshafika kutoka Endulen, shuka mbili mwilini na ya tatu kichwani. Tunamwita Ng'ombe Mia, ingawa mia hizo hatujawahi kuzihesabu.

Thomasi akawasha. Picha ikaja imevimba, inajaza kioo, wachezaji wamekuwa matofali. Sauti hakuna hata ya nzi.

"Gunia!" Kisioki akanguruma. "Umeua mashine usiku wa kuamkia fainali! Mtu akishajua atapigwa, anachoma uwanja!"

"Nichome kitu nilichokiapdeti? Kina afya kuliko wewe!"

"Tulieni," Thomasi akasema, huku akifungua orodha ya vifaa. "Ona hapa. Alama ya njano kwenye picha, na nyingine kwenye sauti. Draiva zimevurugika."

"Draiva ndiyo nini, arifu?" nikauliza.

"Mkalimani. Gemu lina lugha yake, kadi ya picha ina yake, draiva anakaa katikati. Huyu mzee amemfukuza mkalimani aliyezeeka na kadi, akaleta kijana wa jana. Kadi yenyewe ina miaka kumi na tano, hawaelewani."

"Kama mimi nilivyoletewa Wachina nikiwa najua Kijerumani tu," Krate akadakia. "Tulishuka bondeni tukimtazama faru, mimi naelekeza nyati..."

"Krate, baki juu leo!" Bibiana akamkata.

Thomasi akajaribu kurudisha ile draiva ya mwanzo. Haipo. Programu ya Gunia ilifuta kila cha zamani kwa jina la usafi.

"Basi tafuta nyingine mtandaoni, ile kubwa kuliko zote," Gunia akashauri.

Kisioki akacheka kwa dharau. "Unaona tatizo lako? Sisi wafugaji, ng'ombe akipotea, hatutafuti ng'ombe mnono. Tunasoma chapa, tunajua ni wa ukoo gani, tunampeleka kwao. Hiyo kadi haina chapa?"

Thomasi akamtazama kidogo. Akachukua bisibisi, akafungua kasha, akapuliza vumbi la miaka. Kisioki akainama akaisoma kadi ubavuni, herufi kwa herufi, kidole kikitembea kama yuko mnadani. Thomasi akaandika jina na namba, akaingia kwenye ukurasa wa waliotengeneza kadi, akateremka chini kabisa kwenye vitu vya kale. Draiva ya miaka ile ile. Akaipakua kwa bando la Bibiana, akaiweka, akazima, akawasha.

Nyuso za viazi zikarudi! Tulishangilia mpaka jogoo wa jirani akakimbia.

"Sauti je?" Gunia akauliza.

"Nayo nimeipata, ila faili ni zito na mtandao umelala. Dakika arobaini."

"Tutasubiri."

"Tusubiri nini?" Kisioki akaruka. "Mpira unaonekana, goli linaonekana. Kwani unacheza kwa masikio?"

"Gemu bila sauti ni msiba! Mimi sichezi msibani!"

Hapo nikaona jambo. Gunia alikuwa anatoka jasho, na baridi ile ng'ombe walikuwa wanatetemeka.

Tukamgeukia Bibiana, maana kiti ni chake.

"Fainali ilitangazwa saa nne," akasema. "Saa nne hii hapa. Chezeni, ama kiti nakalia mwenyewe."

Ndugu yangu, niliyoyaona sitayasahau. Bingwa wa misimu mitatu anampasia adui. Anapiga kona kuelekea kwake. Dakika ya thelathini akafunga bao safi sana, akarusha mikono juu, "Goooli!", akatugeukia tumpongeze. Alikuwa amejifunga.

Tano bila. Kisioki mwenyewe aliona aibu kushangilia.

Bibiana akasogea, akanyoosha mkono mbele ya uso wa Gunia. "Mzee wangu, hivi vidole vingapi?"

"Mtu mzima haulizwi hesabu za chekechea!"

"Vingapi?"

Gunia akatafuta vidole, akatafuta mkono, akaishia kumtafuta Bibiana.

"Sawa," akasema taratibu. "Macho yamekwisha tangu msimu wa kwanza. Lakini masikio yangu, aisee! Nikikaribia goli watazamaji wa gemu wanaanza kuvuma. Wakivuma sana, nabonyeza. Mtangazaji akipandisha pumzi, jua beki kateleza. Mbona niliwafunga wote?"

"Tumefungwa na mtu asiyetuona!" Krate akashika kichwa. "Miaka mitatu!"

"Nilikuwa nakusikia ukilia tu, mwanangu."

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Kisioki akamshika Gunia bega. "Mzee, kwa heshima zote, nyanyua mguu. Kiti changu."

Tuliporudi jikoni, Gunia akakiaga kiti kama mbunge aliyeshindwa, akahamia benchi la mlangoni, kwenye upepo safi. Kisioki akakaa, akapanga shuka zake tatu, akanyoosha miguu kwenye jiko. Bibiana akasukuma kuni nyingine, mbichi, na moshi ukajua njia kama kawaida yake.

Saa nzima ikapita tukibishana. Draiva ya sauti ikamaliza kushuka, Thomasi akaiweka, na uwanja mzima ukavuma dukani. Akaweka mechi ya kirafiki, Ng'ombe Mia na Krate. Kompyuta ikasogezwa mlangoni tuone wote, na bingwa achezee kitini kwake.

Ghafla Gunia pale benchini akafuta macho, akakodoa. "Haa! Kumbe wale wachezaji wana namba mgongoni?"

Sisi tulikuwa tunamtazama bingwa mpya. Alikuwa anabonyeza huku uso umefunikwa na ncha ya shuka, machozi yanamchuruzika mpaka kidevuni.

"Thomasi, chalii yangu," akasema kwa sauti ya chini, asisikike na wengi. "Hebu ongeza sauti kidogo."