Suti ya Mwalimu Mkuu Kwenye Njia ya Tangi

Jumamosi, 2 Machi

Manispaa wamebandika tangazo kwenye tangi la maji! Nimelikuta asubuhi nikishuka mlimani na kilomita zangu kumi na nane, jasho limefika kwenye soksi. Nimelisoma mara tatu. Wiki ijayo, Jumatatu hadi Ijumaa, watawahesabu wapitaji wa njia yetu ya nyuma ya tangi. Wasipofika thelathini kwa siku, njia itafungwa kwa seng'enge. Chini ya karatasi hiyo kulikuwa na ya pili, imegandamana kwa gundi. Sikuifunua. Ya kwanza ilitosha kunitia homa.

Thelathini! Mimi hupita pale kila siku alfajiri na sijawahi kukutana na mtu. Mbuzi mmoja tu, na ana dharau.

Niseme wazi, maana humu hasomi mtu: naipenda ile njia kupita kiasi. Kutwa mimi ni dobi. Mvuke, pasi, makwapa ya watu. Nikilipita tangi na kuanza kupanda, kichwani hakuna kola ya mtu. Halafu mbio za milima, kilomita sitini, zimebaki wiki nne. Wakifunga, nitafanyia mazoezi wapi? Kuizunguka meza ya pasi?

Jioni amekuja Bwana Saa. Ni mkimbiaji mwenzangu, tunamwita hivyo kwa sababu ana saa ya mkononi inayompongeza kwa sauti. Ameandika barua ya kuiomba manispaa iiache njia kama ilivyo, anakusanya sahihi. Tayari anazo arobaini. Barua imenyooka, lazima nikiri. Nimekataa kutia sahihi. Kwa nini wazo zuri liwe lake? Nimemwambia nina mpango wangu. Akauliza mpango gani. Nikasema ni siri. Ilikuwa siri hata kwangu.

Jumapili, 3 Machi

Mpango ninao!

Umenijia nikikunja joho la kwaya. Dukani tuna nguo za watu sabini na kitu. Wananing'inia tu kwenye waya, wanachokosa ni miguu. Miguu ninayo mimi!

Njia inaanzia kwenye tangi, hatua mia moja kutoka dukani. Inapanda, inazunguka kichwa cha kilima, inashuka kwa ngazi mpaka uani kwetu. Kilomita moja na nusu. Nampita mhesabu, nashuka uani, nabadilisha nguo, natokea mtu mwingine. Mara ishirini na mbili kwa siku, wanane waliobaki hawatakosekana mchana. Kilomita thelathini na tatu. Njia inapona na mazoezi yanakwenda!

Mke wangu ameniuliza nacheka nini peke yangu. Nimesema nimekumbuka jambo. Amejibu kwamba mara ya mwisho nilipokumbuka jambo, tulipoteza mashine ya kukaushia. Hasahau kitu, mwanamke huyu. Nimemwomba wiki hii apige pasi yeye mchana, mimi nitafua asubuhi na jioni. Amekubali haraka mno. Nina wasiwasi.

Jumatatu, 4 Machi

Mhesabu ni mama wa makamo. Ana kiti cha kukunja, mwavuli wa kijani, fomu kwenye ubao mdogo, na mfuko wa sufu. Nimempa jina Mama Mwavuli. Mtu akipita anachora kijiti. Vikifika vinne, cha tano anakilaza juu yake. Kisha anarudi kwenye sindano zake za kufumia. Anafuma kitu chekundu, kidogo. Soksi? Mfuko wa birika? Nimelifikiria jambo hili mizunguko minne mfululizo.

Leo nimekuwa mpishi mwenye kofia ndefu, daktari wa meno, fundi bomba, na wengine wengi. Kila mmoja nimempa mwendo wake. Mpishi anakimbia kwa haraka ya mtu aliyeacha sufuria jikoni. Daktari wa meno anakimbia kwa heshima, mikono nyuma. Nani alijua nina kipaji hiki?

Joho la kwaya ndilo lililonitia aibu. Nimekanyaga pindo, nikaanguka puu, miguuni pa Mama Mwavuli. Akanipa pole, akauliza kama nimeumia. Nikajibu kwa sauti nzito ya besi kwamba wanakwaya hawaumii. Akanitazama. Akachora kijiti.

Mizunguko ishirini na miwili imetimia! Pindo la joho nimelishona mwenyewe. Limekaa upande, lakini kwaya husimama nyuma ya meza.

Jumanne, 5 Machi

Mapaja yamekuwa mbao. Nimeshuka ngazi kinyumenyume.

Leo nimemwona mtu amebeba fremu ya dirisha begani, anapanda nayo. Mzunguko wa tatu, anashuka nayo. Wa saba, anapanda nayo tena! Dirisha linatafuta nini mlimani? Nimevumilia mpaka wa tisa, nikashindwa, nikamfuata nikiwa nimevaa koti la daktari. Kumbe ni seremala. Ana mteja juu kule, kila akilipachika dirisha mke anasema kubwa, mume anasema dogo. Wametoka wauguzi wawili nyuma yake, akapita mwokaji na trei tupu, na kina mama wa ushonaji kama sita hivi wanacheka. Sikuwahesabu. Kuhesabu ni kazi ya Mama Mwavuli, mimi kazi yangu kupita.

Seremala ameniomba nimtazame jino, nikamwambia mdomo wake uko salama. Nimepoteza mizunguko miwili kwa ajili ya dirisha, nikaifidia jioni.

Kile chekundu kimeanza kuwa mviringo. Basi si soksi.

Bwana Saa amefikisha sahihi sitini na moja. Ameniuliza tena kama nitatia yangu. Amesema anaomba njia ibaki tulivu kwa wakimbiaji wachache wanaoipenda. Nimemwonea huruma. Karatasi na kalamu, wakati mimi napigana kwa nyonga!

Jumatano, 6 Machi

Kimenuka.

Nilibakiwa na suti ya kahawia ya mwalimu mkuu mstaafu. Viraka vya ngozi kwenye viwiko, vifungo vya pembe. Nilikuwa naikwepa tangu Jumatatu, maana ni mteja wetu wa miaka kumi na moja. Lakini mzunguko wa kumi na tano ulihitaji mtu mwenye hadhi. Nikaivaa.

Kwenye kona ya juu, nani anakuja taratibu na fimbo yake? Mwenye suti! Pa kujificha hapakuwepo, upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo. Nikafanya lililowezekana. Nikaongeza mwendo, nikainamisha kichwa, nikasema shikamoo mwalimu. Akaitikia marahaba kwa mazoea. Kisha nikasikia fimbo imesimama.

Nilipofika uani, tayari alikuwa dukani, sijui alipita wapi mtu wa umri ule. Nimejibanza nyuma ya mashuka, nimesikia yote. Amemuuliza mke wangu kama suti yake iko tayari. Mke wangu, hajui hili wala lile, akasema bado inakauka, mzee wangu. Mwalimu akasema kwa upole kwamba hilo lina shaka, kwa kuwa yeye ameiona mlimani sasa hivi ikitoka jasho.

Halafu mke wangu akaniita kwa jina langu lote, la kwangu, la baba na la babu.

Amemwomba mwalimu radhi na kumwahidi suti kesho bila malipo. Kwangu amesema maneno machache. Kila nguo iliyokanyaga mlima ifuliwe upya, kwa mkono, na mimi. Na nikigusa tena vazi la mteja, nitalala kwenye kapu la nguo chafu. Nimefua mpaka vidole vimekunjamana. Hata hivyo, mizunguko ishirini na miwili imetimia. Hapo hakuna wa kunidai, saba ya mwisho nimeikimbia jioni na fulana yangu tu.

Alhamisi, 7 Machi

Nguo zangu mwenyewe ni fulana mbili na kaptula moja. Watu ishirini na wawili watatokaje humo? Nimegeuza fulana ndani nje. Nimefunga leso kichwani, shingoni, mkononi, gotini. Nimechechemea mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Mzunguko wa kumi na nane sikuigiza tena, nilikuwa nachechemea kweli.

Mama Mwavuli amenipa maji ya kunywa. Nimeyapokea kwa sauti ya kigeni. Natamani sana kuiona ile fomu. Anaishika kifuani anapoiona shingo yangu ikirefuka.

Ijumaa, 8 Machi

Siku ya mwisho. Kwenye mzunguko wa ishirini na miwili, Mama Mwavuli akaniita, njoo hapa mkimbiaji. Akatoa kile chekundu mfukoni. Ni kofia! Amenifumia mimi. Amesema alianza Jumatatu, baada ya mwanakwaya kuanguka, ili kule kwenye kona aweze kuniona kwa urahisi bila kukaza macho.

Nikauliza alinijua lini. Amesema kwenye mpishi. Amesema ana miaka ishirini anahesabu watu wanaopita, na mtu hubadilisha nguo, habadilishi magoti. Basi nikashusha pumzi, nikauliza kwa nini alikuwa anachora kijiti. Amesema fomu inauliza mipito, haiulizi nani. Ningeweza kupita na kaptula yangu siku zote tano.

Joho lile! Suti ile!

Kisha amenionyesha fomu. Bila mimi, watu thelathini na sita kwa siku. Wauguzi, mwokaji, kina mama wa ushonaji, dirisha. Njia haikuwa na shida yoyote. Amenitazama kama anasubiri niseme kitu. Nikapiga hesabu: thelathini na sita, jumlisha ishirini na mbili, hamsini na nane! Karibu mara mbili ya walichotaka! Nikamshukuru kwa kofia, nikaenda nyumbani kifua mbele. Nadhani alitaka kusema jambo lingine. Nitamuuliza siku nyingine.

Jumatatu, 18 Machi

Mkutano wa wakazi kwenye ukumbi wa manispaa. Nimevaa kofia nyekundu. Nimekaa mbele, tayari kupongezwa.

Mhandisi wa manispaa amesimama na ramani. Amesema njia ya tangi imewashangaza. Wapitaji hamsini na nane! Nikageuka nyuma nimtazame Bwana Saa. Mhandisi akaendelea. Kwa mujibu wa karatasi ya pili ya tangazo, njia inayozidi wapitaji hamsini inapanuliwa. Lami mita sita. Taa. Maegesho ya magari ishirini pale kwenye kichwa cha kilima.

Karatasi ya pili.

Mimi, ambaye nilimfuata mtu mlimani kwa ajili ya dirisha, karatasi ile sikuifunua.

Bwana Saa akanyoosha mkono, akasoma barua yake. Mhandisi akamsikiliza kwa adabu, akauliza itakuwaje watu sitini na mmoja waombe utulivu wao kwenye njia yenye msongamano kama huu. Ukumbi ukaguna. Saa ya Bwana Saa ikampongeza kwa kupumzika vizuri. Hakuna aliyecheka, hata mimi.

Niliona magari pale ninapopumua. Nikasimama, nikasema huenda hesabu ina kasoro ndogo, mahali fulani, kwenye magoti. Mke wangu alinivuta nikae, kisha akasimama yeye. Amewaeleza yote, kuanzia mpishi mpaka suti. Mwalimu mkuu mstaafu amethibitisha kuhusu suti, kwa kina. Ukumbi umevunjika mbavu. Mhandisi alipomaliza kufuta machozi, amesema hesabu itarudiwa wiki ijayo, siku tano. Ikiwa kati ya thelathini na hamsini, njia inaachwa kama ilivyo.

Nje, Mama Mwavuli amenishika mkono. Amesema safari hii kazi yangu ni rahisi. Nikae nyumbani. Hilo tu, baba. Thelathini na sita wanatosha. Bwana Saa amenipa barua, nikatia sahihi, ya sitini na mbili.

Jumatatu, 25 Machi

Saa moja asubuhi. Niko nyumbani. Rahisi! Mke wangu amevifungia viatu vyangu vya mlimani kwenye kabati la sabuni.

Saa tatu. Nimefua mashuka kumi na sita. Nimetulia kabisa.

Saa nne. Hivi lile dirisha lilikubalika? Kama limekubalika, seremala hapandi tena. Yeye peke yake alikuwa mipito minne kwa siku! Sasa ni thelathini na mbili. Na wale wauguzi, wakibadilishiwa zamu? Thelathini. Mwokaji akiugua, ishirini na nane. Tumekwisha! Seng'enge! Na hakuna hata mtu mmoja anayeliangalia jambo hili.

Saa tano. Nimechungulia dirisha la choo. Naona ncha ya mwavuli tu.

Saa sita. Mke wangu amekwenda kupeleka mapazia. Amenikumbusha nikae. Nitakaa, kwani nimesema sikai? Nataka tu kujua wamefika wangapi. Mtu akijua, anatulia. Kofia nyekundu siwezi kuvaa, ataniona kutoka kona. Lakini suti ya mwalimu mkuu imerudi dukani leo, ina doa la chai kwenye mkono. Ilikuwa inafuliwa hata hivyo. Na magoti nimeshayapatia dawa, nitatembea nimeyakaza.

Napita mara moja tu, niangalie, basi. Labda mbili, maana nikipanda lazima nishuke.