Utepe wa Kabati la Afya

Kwa furaha kubwa, wananchi wa Mkoa mpya wa Manyara walitangaziwa kwamba chuo kimoja cha uuguzi mjini Babati kimefanikiwa kutunza vitabu vyake vya afya kwa asilimia mia moja: hakuna hata kimoja kilichowahi kusomwa.

Sifa zote zilimwendea Bwana Leonsi, mkuu wa chuo. Vitabu vilipowasili, alivipanga kwenye kabati la vioo, akalizungushia utepe mwekundu na kuagiza mtu asiviguse mpaka mgeni rasmi avizindue. Utaratibu ni utaratibu. Hata choo kipya kilimsubiri mgeni rasmi masika yote, na wanafunzi wakajifunza kujizuia, jambo ambalo nalo ni sehemu ya uuguzi.

Mkutubi, Mama Elieza, hakuona hivyo. Alifanya utafiti, akalinganisha vitabu vilivyopo, bajeti, na maradhi yanayojaza wodi. Akagundua kwamba wanafunzi wanasomea madaftari ya waliowatangulia, na kwamba fungu la vitabu limeishia kwenye mahema, spika na fulana za uzinduzi. Leonsi aliusifu sana utafiti huo. Akaamua nao uzinduliwe, akautia kabatini.

"Mkuu, vijana wanaingia wodini wiki ijayo," alisema Mama Elieza. "Mgonjwa hasubiri utepe."

"Mama Elieza, mgonjwa mwenye nidhamu husubiri."

Ukweli ni kwamba Leonsi alikuwa na lake moyoni. Mkoa mpya ulikuwa ukigawa vyeo, naye alikitaka kimoja mpaka chakula hakimpandi. Mgeni rasmi, Mheshimiwa Herieli, ndiye aliyekuwa akipendekeza majina.

Siku ikafika. Kabati likabebwa hadi chini ya hema. Mheshimiwa alichelewa mpaka mchana, jambo lililothibitisha ukubwa wake. Kwaya kutoka Sigino ikaimba, risala ikasomwa, kisha Leonsi akahutubia juu ya faida za kusoma hadi wazee wa Nangara wakasinzia. Mheshimiwa alikuwa na kisukari. Asubuhi alijichoma sindano yake ya kushusha sukari bila kula, ili amwachie nafasi mbuzi wa karamu. Sasa akaanza kutetemeka, jasho likamtiririka, akateleza kitini.

Leonsi aliona cheo chake kikianguka pamoja na mtu. Akawaamuru wanafunzi wamhudumie upesi.

"Hiyo mada iko kabatini, mkuu," alisema Scola, mwanafunzi wa mwaka wa pili, kwa adabu zote.

Safari hii Leonsi hakukumbuka utaratibu. Mkasi ulikuwa wa mgeni rasmi peke yake, kwa hiyo akaukata utepe kwa meno, akachomoa kitabu na kumtupia Scola. Scola akafunua, akasoma kwa sauti kwamba mgonjwa anayeweza kumeza apewe kitu chenye sukari. Soda ya meza kuu ikafunguliwa. Mheshimiwa akanywa kidogo kidogo, nguvu zikamrudia, watu wakamshukuru Mungu. Leonsi alitaka kulia kwa furaha.

Mheshimiwa akajiinua, akakung'uta suti, akalitazama kabati lililo wazi.

"Nani amekata utepe wangu?"

Leonsi hakusita. Akainua mkono kumnyooshea kidole Mama Elieza, na utepe ukaning'inia kwenye mkono huohuo.