Maiti Aliyeikataa Chai

Sogeeni, enyi mjuao kusikiliza, tueni masufuria yenu na magazeti yenu, nikusimulieni vita ambavyo wanahistoria wa Uingereza, kwa husuda tu, hawakuviandika: siku ile mimi, Horace Tibble, simba wa sakafuni, nilipolala chali nisitikisike.

Vita vikuu vilikuwa vimekwisha, sukari ingali ya mgao, nasi katika banda moja magharibi ya London tulikuwa tukipiga filamu ya mauaji kwa bajeti ya harusi ya maskini. Mimi nilikuwa sonara aliyeuawa. Katika filamu mbili za nyuma walinikata nisionekane kabisa, na mke wangu Doreen, aliyekwenda sinema na majirani, akarudi amenuna. Safari hii nilimwapia kwamba ataniona.

"Sikiliza, Tibble," akanguruma mwongozaji wetu Pargeter, jemadari mwenye koti lililochanika kwapani. "Damu hiyo ya bandia kifuani mwako ndiyo sharubati yangu ya mwisho. Ukijitikisa ikachuruzika, nakutoa, naweka gunia. Gunia halina mdomo."

"Bwana mkubwa," nikajibu, "mlima utasogea kabla sijasogea mimi."

Mara kengele ya chai ikalia, na katika nchi ile hata mauaji husubiri chai. Mafundi wakazima taa, muuaji akatia bastola mfukoni, Pargeter naye huyoo. Hakuna aliyeniambia niinuke. Nikabaki, maiti mwaminifu, baridi ya saruji ikinitafuna mbavu.

Ndipo Bi Edna, malkia wa birika, akaja na toroli lake, akanisimamia kichwani.

"Marehemu, nikutilie sukari? Leo ipo, vijiko viwili."

Vijiko viwili, jamani. Mate yalinijaa, tumbo likaguna kama mbwa aliyefungiwa nje. Nikamkumbuka Doreen, nikazidi kufumba macho.

"Haya baba, pumzika kwa amani," akasema, akampa muuaji kikombe changu.

Pargeter aliporudi, sharubati ilikuwa palepale.

"Kumbe huyu bado yupo," akasema. "Haya, pigeni picha."

Miezi ikapita, mimi na Doreen tukaenda sinema, mtaa mzima nyuma yetu. Sonara akaonekana: miguu miwili ikichungulia nyuma ya meza, kwa muda wa mtu kupiga chafya. Nilitamani kiti kinimeze. Doreen akasimama gizani.

"Yule ni mume wangu," akautangazia ukumbi. "Soksi zile nimezifuma mimi."

"Kaa chini, mama, hatuoni," mtu akanung'unika nyuma.

Iandikwe basi katika tarehe za mashujaa: Tibble alionekana, na mkewe hakukaa.