Koili Mbili na Nusu

Jumatatu, 4 Agosti
Baba yake Shiru, mchumba wangu, amepiga simu. Ruracio, ile siku ya kupeleka mahari, ni Jumamosi, kwao Kariandusi. Mara ya kwanza tulifika saa tisa, tukakuta wazee wake wameshaenda zao. Sasa amesema geti linafungwa saa sita kamili, na atakayebaki nje abaki na ukapera wake.

Na huyu binamu yangu Peterson eti ndiye atakayeongoza msafara! Eti gari langu linalala kwenye kona kama ng'ombe mgonjwa. Jana alinipita karibu na Kariandusi akinipungia mkono. Nilikuwa na Shiru. Aliona.

Jumanne, 5 Agosti
Kwa Oduor, fundi wangu. Nimemweleza gari likikaa chini halilali kwenye kona. Amekubali. Lakini anataka tuagize springi fupi na shoki zake, zifike wiki ijayo. Wiki ijayo! Nikamwambia akate hizi zilizopo. Akasema nusu koili tu, yaani nusu mzunguko wa springi, tena shingo upande. Akazitoa, akaenda lunch. Nikachukua grinda yake ya kukatia chuma mwenyewe. Koili mbili na nusu kila springi.

Aliporudi alishika kichwa. Amezirudisha, ila ameniomba nijaribu gari likiwa na mzigo. Mzigo gani? Mimi nina kilo sitini.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimepita kona zote mpaka kwa akina Shiru. Kumi na moja, nimezihesabu. Gari limeshika lami, wueh! Peterson kwisha yeye.

Jumamosi, 9 Agosti
Saa saba mchana. Naandika nikiwa mtaroni, nje ya geti.

Tulitoka Nakuru saa tatu na nusu, mimi mbele ya Peterson. Kiti cha nyuma shangazi watatu, Tata Wangeci na dada zake, hakuna mwembamba. Buti sukari, unga na kreti za soda. Tuta la kwanza, gari likalala juu yake. Ngai! Shangazi wakashuka na vilemba vyao, wakavuka kwa miguu, wakapanda tena. Tuta la pili, hivyo hivyo. Alhamisi kona nilizihesabu. Matuta sikuhesabu. Yalikuwa kumi na tisa. Kila tuta Tata aliangalia saa, akaniuliza kama mama yangu alinizaa au aliniokota.

Saa sita kasoro dakika nane tukaingia barabara ya vumbi ya kwa akina Shiru. Katikati imeinuka, ina nyasi. Gari likanasa tumbo, tairi zikazunguka bure. Nilisukuma. Nililia pia, siwezi kuficha. Tata hakungoja. Alihamisha dada zake na mzigo wote kwa Peterson, aliyepitia shambani. Peterson akasema pole, nafasi yangu hakuna. Nikakimbia na viatu vipya. Geti lilifungwa nikiliona.

Ndani wanaimba.

Jumapili, 10 Agosti
Wazee wameelewana kila kitu, ila hawawezi kumaliza bila bwana harusi kuonekana. Nirudi Jumamosi, saa sita, mara ya mwisho. Shiru amelia kwenye simu. Amenisihi niende na gari la Peterson. Nimemwahidi.

Nimewaza ibada nzima. Kosa ni shangazi. Nikiwa peke yangu gari liko sawa kabisa. Tena kwa nyuma bado limeinuka kidogo.

Oduor hashiki simu. Grinda nimeazima kwa jirani.