Daktari wa Vibiongo

Mwaka ule wa tisini na nane, matope ya mvua za El Nino yalipoanza kukauka, Kinondoni iliingiliwa na gari geni. Lilikuwa jipu fupi la milango mitatu, jina lake Sanada, na tairi la akiba lililibeba mgongoni. Kwa sababu ya tairi hilo watu hawakuchelewa kulibatiza Kibiongo. Vibiongo vilitoka Japani kupitia Dubai, na kila aliyepata kimoja aligeuka kuwa mhubiri wake. Bwana Fredrick, karani wa bandarini, alikwenda na chake Mbeya akarudi bila kufungua boneti, na habari hiyo aliisimulia msibani, maiti ikiwa bado haijatoka. Farhan wa duka la vyombo aliapa kwamba chake kinakunywa petroli kama mtoto anavyokunywa dawa.

Mafundi wa mitaani walinuna. Gari lisiloharibika lina faida gani kwa taifa?

Aliyefurahi alikuwa mmoja, naye hata fundi hakuwa. Jina lake Marijani, mzaliwa wa Mwananyamala, kijana wa miaka thelathini na ushee, mwenye suruali za mkunjo wa pasi kali na maneno matamu kuliko haluwa ya Idi. Marijani alikuwa akikaa vijiweni akiwasikiliza wenye Vibiongo wanavyojigamba, na siku moja akagundua kwamba majigambo yao yote huishia mahali pamoja.

"Ila sasa," Farhan alisema akishusha sauti, "hili gari ndani lina kompyuta. Siku ikigoma, hapa Dar nani anaijua?"

Marijani akamaliza kahawa yake, akaaga kwa adabu, akaenda zake Keko.

Pale Keko alikuwa na rafiki yake Albano, seremala wa vitanda. Alimwagiza kisanduku cha mninga, kipigwe msasa na vanishi, ndani yake akatia betri, taa nyekundu na king'ora cha saa ya mezani. Juu akagundisha rimoti ya deki ya video iliyokufa zamani.

"Hiki nini?" Albano aliuliza.

"Kompyuta."

"Mbona ya mninga?"

"Za wenzako za plastiki, zinayeyuka. Hii ya heshima."

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Mwenye gari akiwa sokoni au kwenye ibada, Marijani alifungua mlango kwa rula ya chuma, akanyanyua boneti, akachomoa fyuzi moja ndogo ya pampu ya mafuta na kuitia mfukoni. Mtu akirudi, starta inalia, gari haliwaki. Hapo ndipo kwa bahati njema kabisa anapita daktari wa kompyuta na kisanduku chake. Kisanduku kinapiga kelele, taa inawaka, daktari anainama ndani ya boneti akinong'ona maneno ya Kijapani aliyoyatunga mwenyewe, na fyuzi inarudi mahali pake. Bwana Fredrick alitibiwa mara mbili, na mara zote mbili alishukuru mpaka akataka kulia.

Angetosheka na hayo, leo tusingekuwa na la kusimulia. Lakini Mzee Mwinshehe, tajiri wa mbao kule Temeke, alikuwa akimtafutia mke mdogo gari, akamwambia Marijani, "Niletee Kibiongo kizuri, siku hiyohiyo unaondoka na hela yako mkononi." Tangu siku hiyo Marijani aliacha kufikiria kutibu, akaanza kufikiria kurithi.

Jicho lake lilimwangukia Mwalimu Tupokigwe. Huyu alikuwa mjane, mwalimu mstaafu, mtu wa Tukuyu, mpole wa kupigiwa mfano, na Kibiongo chake cheupe kilikuwa kiking'aa kama sufuria ya bibi harusi. Wiki nzima Marijani alikifuatilia. Kilitoka nyumbani kwenda kanisani, kanisani kwenda sokoni, sokoni kurudi nyumbani, na Magomeni hakikuvuka hata siku moja. Kikirudi kilifunikwa turubai.

"Huyu mama haendeshi gari, analilea," Marijani alijisemea, mate yakimjaa kinywani.

Tatizo lilikuwa malipo, kwa kuwa hela Marijani alizipata na kuzitumia siku ileile. Mali yake duniani ilikuwa moja, kiwanja cha Segerea alichokiacha marehemu baba yake. Mzee kabla ya kufariki alisema kiwanja kile ni cha wote wawili, Marijani na dada yake Farida, ila hati iliandikwa jina la Marijani kwa kuwa ndiye mwanamume. Farida alikuwa fundi cherehani, anaishi na wanawe wawili kwenye chumba cha kupanga ambacho mvua za El Nino ziliingia mpaka uvunguni. Tangu hapo kila alipomaliza gauni la mtu alinunua matofali machache, akayapeleka Segerea. Rundo lilikuwa limeshamfika kifuani.

Marijani aliyajua yote hayo, na roho ilimuuma, hilo lazima tumpe. Lakini alikuwa na hesabu zake. Asubuhi kiwanja kinatoka, jioni gari linauzwa, kesho yake ananunua viwanja viwili, na Farida atajua tu kwamba kaka yake ana akili. Akaichukua hati sandukuni.

Jumamosi asubuhi Mwalimu Tupokigwe aliegesha gari nje ya kanisa, akaingia kwenye mazoezi ya kwaya. Alipotoka, starta ililia na gari halikuwaka. Marijani alikuwa anakatiza na kisanduku chake kwapani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Naona linakusumbua."

"Hili? Halijawahi kunisumbua tangu nilinunue." Mwalimu alilipapasa gari begani. "Hili ni kama mtumishi wa Mungu. Hata pancha silijui. Ningekuwa kijana, ningelipeleka mpaka Kigoma."

Sifa hizo zilimwingia Marijani mpaka kwenye mifupa. Alinyanyua boneti, akabonyeza rimoti, kisanduku kikapiga yowe na taa ikawaka. Akavua kofia.

"Pole sana, mwalimu."

"Limefanyaje?"

"Kompyuta imeungua. Ya kichwa, ile kubwa. Kule Dubai likifika hapa wanalikata vipande."

"Na nikinunua kompyuta nyingine?"

"Kwa bei yake unapata gari jingine na nusu."

Mwalimu alikaa kwenye ngazi za kanisa, akakiweka kitabu chake cha nyimbo mapajani. Marijani akamwacha ahuzunike kiasi cha kutosha, kisha akachuchumaa mbele yake.

"Mwalimu, mie nakuona kama mama yangu mzazi. Nina kiwanja changu Segerea, kule karibu na gereza, porini huko, wala sina shida nacho. Chukua wewe. Mie nichukue hili bovu nikauze vioo na matairi."

"Mwanangu, si utapata hasara?"

"Hasara nimeizoea."

"Na si ungelijaribu kwanza? Wanaojua magari husema gari lijaribiwe mpaka Kibaha."

"Litajaribiwaje, mwalimu, na limeshakufa?"

"Kweli," alisema Mwalimu kwa unyenyekevu. "Hilo sikuliwaza. Na hiyo hati unayo?"

Kwa bahati alikuwa nayo.

Walikwenda kwa mjumbe wa nyumba kumi, Mzee Apolinari, aliyevaa miwani miwili kwa pamoja ili asikosee herufi. Marijani alikuwa na hofu moja tu, kwamba mama huyu kesho atakiona Kibiongo kinapita na kukitaka tena. Kwa hiyo aliyatamka makubaliano mwenyewe, neno kwa neno.

"Andika, mzee. Mie Marijani nimekiri kwamba gari hili ni bovu, nimeambiwa, nimeridhika, na nimelichukua kama lilivyo. Simdai mwalimu, na mwalimu hanidai, hata tukiliona linaruka angani."

"Mzee Apolinari," Mwalimu aliingilia taratibu, "hapo kwenye bovu ongeza kabisa. Bovu kabisa. Tusije tukamdanganya kijana wa watu."

Mzee akaongeza. Marijani akasaini kwa mbwembwe, akampa Mwalimu hati, akapewa kadi ya gari na ufunguo. Akakodi vijana wawili, wakalisukuma gari mpaka nyuma ya kona. Hapo akawaaga, akairudisha fyuzi, akatekenya ufunguo. Kibiongo kikawaka palepale, laini, kama cherehani ya Farida.

Hakuna mtu aliyewahi kuendesha gari kwa raha kama Marijani adhuhuri ile. Alivuka Magomeni akiwapigia honi watu asiowajua. Ilala aliwasha kiyoyozi. Alikuwa na uhakika na gari lile kuliko mnunuzi yeyote mjini, kwa sababu ubovu wake aliujua mmoja, na huo aliutia mwenyewe kwa mkono wake na kuutoa kwa mkono wake. Alipofika Keko alianza kupanga jinsi atakavyomchagulia Farida kiwanja cha kona.

Hapo gari likaanza kugonga. Lilitoa sauti ya kokoto kwenye ndoo, likatoa moshi wa buluu, likatoa mweusi, likasimama katikati ya makabati na vitanda vya maseremala.

Marijani alishuka, akanyanyua boneti, akaitazama fyuzi. Ilikuwa nzima. Elimu yake yote ya magari ikawa imekwisha.

"Daktari!" Albano alipiga kelele, randa mkononi. "Toa kompyuta, upime!"

Maseremala waliacha kazi wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Akaitwa Nikodemu, fundi wa kweli, mwenye oili hadi kwenye nyusi. Alichomoa kijiti cha oili, akakinusa. Akafunua zulia la ndani, akachota udongo mkavu kwa kidole.

"Braza, umelitoa wapi hili?"

"Kinondoni. Kwa mwalimu mmoja."

"Mama wa Kinyakyusa? Basi nalijua, nilishalifungua mie. Hili lililala chini ya maji Jangwani kipindi cha El Nino, dalali akalipiga rangi akamuuzia mama wa watu. Likiwa baridi linawaka vizuri, likipata moto linazima, ukilisubiri lipoe linawaka tena. Yule mama alizunguka kwa wenye Vibiongo wote akiwauliza vyao vina nini. Vyao vizima. Cha kwake ndo hivyo."

"Basi tusubiri lipoe."

"Leo umelikimbiza mno. Injini imekwama. Hili haliwaki tena."

Habari zilimfikia Mzee Mwinshehe Temeke. Alikuja mwenyewe, akalizunguka gari mara moja, akarudi kwake bila hata kusalimia.

Kesho yake mchana Marijani alimvamia Mzee Apolinari, akaambiwa Mwalimu ametoka ibadani kaenda Segerea kukitazama kiwanja chake. Jumapili ndiyo siku ya Farida kupeleka matofali. Alikimbia kuelekea Segerea akiomba dada yake awe mgonjwa, hata wa mafua tu.

Aliwakuta wote wawili wamekaa juu ya rundo la matofali, wanakula mihogo ya kukaanga kwenye karatasi moja. Fundi wa Farida alikuwa kando anapima kwa kamba. Macho ya Farida yalikuwa mekundu.

Marijani alianza na lile jepesi. "Mwalimu, umenipa gari bovu!"

"Bovu kabisa," Mwalimu alisema. "Na umesaini."

"Ulijua!"

"Na wewe hukujua unachomoa nini pale kwenye boneti? Sie wa sauti ya pili tulikuwa tumepumzika, nilikuwa dirishani nakuangalia. Miezi minne nahangaika na lile gari, kila mnunuzi anataka kulijaribu, likifika Ubungo linazima, anaondoka. Nikakuona wewe. Nikasema, huyu analitaka, na hawezi kulijaribu, maana lazima aseme limekufa. Nikamshukuru Mungu, nikashuka ngazi."

"Kaka," Farida aliita, bado anautazama muhogo wake. "Baba alisema chetu wote."

Marijani angependa kueleza habari za viwanja viwili na kile cha kona, lakini hata masikioni mwake mwenyewe vilisikika kama Kijapani chake.

"Nimemkuta hapa anapanga matofali yake na furaha zake," Mwalimu aliendelea, "nikamwonyesha hati. Alilia, baba, mpaka nami nikalia. Ugomvi wangu ulikuwa na matapeli, huyu hakunikosea. Kwa hiyo kiwanja tunakigawa. Kesho Mzee Apolinari anaandika, nusu kwa jina la Farida, nusu kwa jina langu. Tutakuwa majirani."

"Na mie?" Marijani aliuliza. "Jina langu?"

Mwalimu alimtazama kama amtazamavyo mwanafunzi anayeuliza swali ambalo jibu lake limeshaandikwa ubaoni.

Marijani akamgeukia dada yake, sauti imekuwa ndogo. "Farida, mie si ndo ulikuwa unaniambiaga utanitengea chumba cha uani? Sasa nitakaa wapi?"

Farida alifuta vidole kwenye khanga yake, akasimama, akamwangalia kaka yake usoni kwa mara ya kwanza siku ile.

"Kwani si una gari, kaka? Kalale humo."

Kisha akamwendea fundi, akaishika ncha ya pili ya kamba, akamwonyesha mahali msingi utakapoanzia.